Kaburi Halilali Wazi

Jumamosi, 7 Desemba

Tumeanza na kaburi. Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, na Zablon hakutaka kusubiri: udongo wa kule Zuzu tunakopigia filamu ukirudi kukauka, anasema, hata sururu italia. Kwenye hadithi kaburi ni la mwisho kabisa, lakini filamu ya watu wasio na kitu huanzia pale ardhi ilipolainika. Unamchimbia mtu Desemba, sababu ya kumzika utaipiga picha Februari.

Nitaandika kwa utaratibu, maana najijua, nikikasirika mwandiko wangu hausomeki. Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu soko la Majengo, na sijawahi kuigiza popote isipokuwa mbele ya wateja ninapowaambia nguo iko tayari. Zablon hupiga picha za harusi. Filamu yake inaitwa *Nitakukuta*, na mhusika mkuu, mwanamke, ni mimi. Mdogo wa mwanamke huyo anapanda fuso la mchumba wake na harudi, basi dada mtu anamtafuta yule dereva msimu mzima wa mvua mpaka anamfukia angali hai.

Hadithi hiyo imetoka nyumbani kwetu, mwisho tu ndio wa Zablon. Mdogo wangu Brightness alipanda fuso la mchumba wake Elieza mwaka juzi, mvua kama hizi. Elieza alisema alimshusha stendi akiwa mzima. Polisi walimweka ndani, wakamwachia kwa kukosa mwili na shahidi, naye akahama mji. Zablon alipoomba kuitumia hadithi nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Nilitaka mahali pa kuweka hasira yangu, na cherehani haitoshi.

Shamba ni la Bibi Ruthu, mjane anayeishi karibu na reli. Alitupa bure kwa sababu Zablon alipiga picha harusi ya mjukuu wake na hakumkata kichwa mtu yeyote. Jioni, tukiwa tunafuta majembe, bibi akaja. Akatusalimu, "Mbukwenyi," tukaitika, akachungulia shimo.

"Humo mmelaza nini?"

"Hakuna kitu, bibi," Zablon akasema. "Ni kaburi la filamu."

"Kaburi ni kaburi. Halilali wazi. Likilala wazi, linaanza kutafuta mtu wake."

Akaingia jikoni, akatoka na mchi wake mkuukuu uliopasuka kichwa, mrefu wa kunifika kifuani. Akatuamuru tuulaze chini kabisa na kuufunika kwa matawi. Kila tukimaliza kazi uingie, kila tukija utoke. Msafiri, anayeigiza dereva, alicheka. Bibi akamtazama na kicheko kikamwishia mdomoni.

Jumapili, 8 Desemba

Mama hajanisemesha tangu jana. Alipoona udongo kwenye viatu vyangu aliviweka nje mvuani.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimechimba kaburi lililokwisha kuchimbwa, mara nyingi, kwa ajili ya kamera. Kila nikipata sura nzuri treni inapita. Zablon anasema sauti ataitengeneza baadaye. Kwa Zablon mambo mengi ni ya baadaye.

Msafiri ni karani wizarani kule Mtumba, Mrangi wa Kondoa, mpole mpaka anawaomba radhi mbuzi akiwapisha njia. Zablon anamfokea, "Wewe ni muuaji, bwana, tembea kama muuaji." Naye anajibu, "Muuaji anatembeaje? Si anatembea tu?"

Bibi Ruthu alituuliza kutoka mlangoni, "Mmelaza mchi?" Tukasema tumeulaza.

Jumatano, 25 Desemba

Tumetoka kanisani, mama kapika wali wa nazi. "Brightness anapenda wali wa nazi," akasema. Anapenda. Mama hajawahi kusema alipenda. Ndugu walipotaka tukae matanga mwaka juzi aliwafukuza na ufagio, akisema mwanawe yuko mahali, kakasirika tu, na hasira za binti yake anazijua maana ni zake mwenyewe. Tangu siku hiyo hajalia kwenye msiba wa mtu yeyote mtaani. Anakwenda, anapika na wenzake, anaosha masufuria, lakini machozi hatoi. Watu wanasema ana moyo mgumu. Mimi nadhani anaogopa akianza hatajua anamlilia nani.

Nilimwambia filamu haimsemi Brightness kwa jina. Akasema, "Mnamuua mwanangu kwenye picha, halafu jina mmelibakiza. Ahsanteni."

Jumamosi, 4 Januari

Sare za shule. Sikwenda Zuzu.

Jumamosi, 18 Januari

Uwele wa Bibi Ruthu umefika magotini. Leo tumepiga sehemu ninapopewa habari kwamba mdogo wangu hatarudi. Zablon hakutaka nilie. Akanisogelea taratibu akasema, "Erica, usifanye chochote. Kumbuka tu unavyoketi na mama yako mezani." Nikakumbuka. Alipozima kamera alikuwa anafuta macho kwa ncha ya fulana. Nilimpenda kwa hilo, kama unavyompenda daktari aliyegusa palepale panapouma. Sijapata mtu mwingine anayeniuliza habari za Brightness na kusubiri jibu.

Jumamosi, 25 Januari

Mvua ilitufukuza mapema, tukasahau mchi.

Jumapili, 26 Januari

Tumerudi baada ya ibada kuangalia shimo, tukamkuta Bibi Ruthu amelowa mpaka kiunoni. Jana, baada ya sisi kukimbia, aliteremka mwenyewe kuulaza mchi, mwanamke wa umri ule, kwa ngazi ya kuku, na leo ameteremka tena. Maji yamejaa kaburini na mchi unaelea.

Zablon akaanza kucheka kwa aibu. "Bibi, ungeacha tu."

"Nyinyi mnacheza," bibi akasema. "Sikatai, chezeni. Lakini mkianza kucheza na kitu hiki, malizeni michezo yake yote." Kisha akanigeukia mimi, si yeye. "Wewe binti una mtu wako hajalala. Nimekuona unavyochimba."

Sikuwa nimemwambia.

Jumamosi, 8 Februari

Nitaandika polepole ili isomeke.

Leo ilikuwa siku ya fuso. Tangu Desemba Zablon anasema amepata fuso la bure, mwenye gari kajitolea, na mimi nikamtania kwamba rahisi ghali. Tulikuwa tumekaa kwa Bibi Ruthu tunakula karanga mbichi. Fuso likaingia kwenye njia ya shamba, likasimama, dereva akashuka. Amekonda. Amefuga ndevu. Lakini anavyoshuka ni vilevile, anatanguliza mguu wa kushoto huku ameshika mlango, kama alivyokuwa akishuka mbele ya nyumba yetu na mfuko wa machungwa kwa ajili ya mama.

Ni Elieza.

Nilisimama na karanga zikamwagika. Yeye akavua kofia. "Shikamoo bibi," akamwambia Bibi Ruthu. Halafu kwangu, chini kwa chini, "Shemeji."

"Usiniite hivyo."

Msafiri alikuwa anatutazama kwa zamu bila kuelewa. Zablon alielewa. Nilimwona: alikuwa ameshaiwasha kamera. Alikuwa ameielekeza usoni pangu tangu fuso lilipokata kona.

Nikaenda nikaifunika kwa kiganja. Nikamwuliza kama alijua huyu ni nani. Akasema Elieza mwenyewe ndiye aliyemfuata. Alisikia mjini kwamba filamu inatengenezwa, akaja akasema gari analo, hataki kitu. "Ningekwambia usingekuja," Zablon akasema. "Erica, hii sura uliyokuwa nayo sasa hivi, hakuna mwigizaji nchi hii anayeweza kuitoa."

Niliwahi kuandika humu kwamba nampenda. Nimelifuta, kisha nimeliandika tena, maana lilikuwa kweli siku ile.

Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshabeba mkoba. Lakini nikafikiri: nikiondoka, huyu naye anaondoka, na tutakaa miaka mingine mama akisema anapenda wali wa nazi. Nikaweka mkoba chini. "Tunapiga nini leo?" nikauliza.

Tulipiga fuso linaloondoka na mimi ninalikimbilia. Msafiri hajui kuendesha gari kubwa, kwa hiyo usukani ulikuwa wa Elieza, mgongo wake tu ndio utakaoonekana. "Rudia," Zablon anasema, na fuso linarudi nyuma, linaondoka tena, nami nakimbia tena kwenye matope. Rudia. Kila mara niliyaona macho yake kwenye kioo cha pembeni, yananitazama mpaka kona. Sikujua yanatafuta nini. Nilikimbia mpaka nikatapika, na hiyo nayo Zablon aliipiga.

Jioni bibi akauliza, "Mmelaza mchi?" Elieza ndiye aliyeushika upande wa pili nilipokuwa nauteremsha. Nilimwacha, maana mchi ulikuwa umelowa na unateleza.

Jumapili, 9 Februari

Sikumwambia mama. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mama hata kovu bado, ni kidonda kibichi alichokifunga kitambaa.

Jumamosi, 22 Februari

Fuso tena. Wakati wa mapumziko Elieza anakaa chini ya fuso peke yake. Nimeweka panga langu la kuchanjia kuni ndani ya mkoba, chini ya nguo za filamu. Sijui nimeliweka la nini. Najua.

Jumanne, 4 Machi

Mvua siku nzima. Nimeshona kanzu ya mteja nikakosea mikono yote miwili, nikafumua.

Jumamosi, 8 Machi

Mfungo umeanza na Msafiri hana nguvu. Zablon alimwonyesha jinsi atakavyolala kaburini wiki ijayo, nimmwagie udongo mpaka kifuani. Msafiri akakaa kwenye ukingo, akatazama chini muda mrefu.

"Hapana, ndugu yangu," akasema. "Nimekuitikia mengi. Nimepigwa makofi, nimevutwa matopeni. Humo sitaingia, tena mwezi huu. Humo nitaingia mara moja, na sitaingia kwa miguu yangu."

Zablon akamsihi, akamkumbusha kwamba kazi haina maana bila sehemu hii. Msafiri akasema, "Asiyejua kufa atazame kaburi. Mimi nimelitazama, imetosha."

Hapo ndipo niliposema. Nilisikia sauti yangu ikitoka imetulia kabisa. "Alale Elieza. Kimo ni kimoja. Mvisheni shati la Msafiri, uso afunikwe kitambaa."

Wote wakanigeukia. Elieza alikuwa pale kwenye gurudumu. "Nitalala," akasema, kama aliyeulizwa kama amekula.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike yote.

Mawingu yalikuwa yamejaa tangu asubuhi na Zablon akafurahi, anasema jua kali linaharibu kaburi. Anayetunasia sauti alikuwa na kazi ya harusi. Zablon akasema hakuna neno, sehemu hii atapiga kwa mbali, kutoka kwenye kile kichuguu ng'ambo ya uwele, mimi mdogo, mbingu kubwa, bila sauti. Msafiri akaenda naye kumshikia mwavuli wa kamera. Kwa hiyo kaburini tulibaki mimi, Elieza na Bibi Ruthu.

Bibi hakutaka. "Mtu hai halali humo."

"Ni muda mfupi, bibi," Elieza akasema.

"Basi mchi ubaki. Usilale peke yako." Akasimamia mpaka akaona Elieza amelala na mchi ubavuni mwake. Ndipo akaondoka kwenda kufukuza kuku kwenye uwele, akitazama nyuma.

Tulikubaliana ishara: udongo ukizidi, ainue mkono. Zablon akapunga kitambaa kule juu. Nikachota beleshi la kwanza nikamwaga miguuni.

Panga lilikuwa kwenye mkoba, hatua mbili kutoka nilipo. Nikaona silihitaji. Udongo ulikuwa mzito, umelowa, na nilikuwa nao wa kutosha. Nikamwaga magotini, nikamwaga tumboni. Kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka mdomoni kwake.

"Shemeji," kitambaa kikasema. "Wewe funika tu. Nikwambie."

Niliendelea kumwaga.

"Sikumfikisha stendi. Tulikuwa tunarudi upande huu huu, jua linazama. Akaniambia ana mimba. Nikamwambia si yangu. Nilijua ni yangu. Tukagombana, nikamwambia shuka. Akashuka. Mvua ilikuwa inapiga. Nikasema nitasogea mbele kidogo, atanifuata, hasira zitamwisha. Nikamtazama kwenye kioo. Hakunifuata. Alikata kwenda kulia, njia ya mkato ya korongo."

"Korongo lilikuwa na maji?"

"Lilikuwa linanguruma."

"Ulilisikia."

"Nililisikia. Nikasema atalisikia na yeye. Nikawasha gari."

Sikusimama. Ajabu ni kwamba mikono haikusita hata mara moja. Nilikuwa nimejitayarisha kusikia kamba, au nyundo, au kisu. Miaka hii yote nilikuwa nimemtengenezea mikono ya muuaji. Kumbe mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Nilimchukia zaidi. Mtu anayeua kwa kisu lazima akukaribie.

Udongo ukafika kifuani. Nikangoja mkono. Mkono haukuinuka. Nikamwaga mwingine, ukafika shingoni, na kule mbali Zablon akapaza sauti, "Endelea! Usisimame!" Nikamwaga. Kitambaa kikazama, kikabaki kama alama tu, na mikono yake yote miwili ilikuwa chini, na niliona kwamba hataiinua. Alikuja Zuzu kwa hili. Alileta fuso la bure, akakubali shati la Msafiri, akalala. Alikuwa ananiomba nimmalizie kazi aliyoshindwa kuifanya mwenyewe.

Nitasema ukweli, kwa kuwa hapa ninajisemea mwenyewe. Sikuacha kwa huruma. Beleshi lilikuwa limejaa na nilikuwa nimeliinua. Nikafikiri: mama nitamwambia nini? Mama haniamini mimi. Mama hawezi kuamini mtu yeyote isipokuwa aliyekuwa pale. Huyu akinyamaza humu, Brightness atabaki mahali fulani amekasirika mpaka mama afe.

Nikatupa beleshi, nikaruka ndani, nikafukua kwa kucha. Nilipotoa kitambaa alikuwa ameng'ata udongo. Akavuta pumzi, akakohoa, akalia kwa sauti kubwa ya kitoto.

"Toka," nikamwambia. "Utakwenda kumwambia mama kwa mdomo wako."

Zablon alikuja mbio kwenye uwele, anahema, furaha imemjaa. "Ile ya mwisho, Erica! Mungu wangu. Sikati hata kipande." Alipoona uso wa Elieza akashika kichwa. Msafiri aliyekuwa nyuma yake akaanza kumsafisha Elieza masikio kwa ncha ya shati lake mwenyewe.

Tulisahau kutoa mchi. Bibi alipouliza, nikamwambia umo ndani, umefunikwa na udongo. "Uache," akasema. "Leo umelala na mtu."

Jumapili, 23 Machi

Elieza alikuja baada ya ibada, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama alikuwa amekaa uani anachambua karanga kwenye ungo. Alimwona akiingia na hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

Mama huitikia shikamoo ya kila mtu, hata ya yule kibaka aliyetuibia jiko. Hii hakuiitikia. Elieza akapiga magoti kwenye vumbi, akasema yote kama alivyoniambia, bila kuruka lile la kuujua ukweli wa mimba. Karanga nzuri zilikwenda upande huu, mbovu upande ule. Vidole havikuchanganya.

Alipomaliza, mama akauliza, "Alikuwa amevaa nini?"

"Sketi ya kijani, mama. Na sweta."

"Lile la shingo ndefu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hakusikia baridi sana." Akapeta ungo kidogo. "Na korongo ulilisikia."

"Nililisikia."

"Nenda."

Akaenda. Mama akachambua mpaka karanga zikaisha, ndipo akanitazama, mara ya kwanza tangu Desemba. "Lile kaburi lenu bado liko wazi?"

"Liko wazi, mama. Kuna mchi ndani."

"Mchi si mtu," akasema.

Jumatano, 26 Machi

Elieza alijipeleka polisi Jumatatu, nikaenda naye nihakikishe anafika. Leo wamemwachia kwa dhamana. Afande aliniambia kwa upole kwamba mwili haupo, na kwamba kumshusha mtu njiani ni dhambi kubwa, ila yeye anashughulika na makosa. Watafuatilia. Nikasema ahsante.

Zablon alipiga simu. Amesikia mama ameamua mazishi yafanyike. Akaomba aje na kamera, "hata ya simu tu, kwa heshima." Nikakata.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumemzika Brightness Zuzu.

Nilikwenda kumwomba Bibi Ruthu mahali, nikijua ni vigumu, kumpa mtu baki ardhi ya kuzikia. Akanishangaa. "Kaburi mmelichimba wenyewe, mmelitunza msimu mzima. Mbona unaomba?"

Mzee Yotham, katekista wetu, alisema kanisa halina ibada ya kuzika nguo, kwa hiyo amekuja kama jirani, bila joho. Alisimama kama jirani, akaomba kama katekista. Uwele umetoa masuke na watu walikuwa wameacha kuamia ndege ili waje. Msafiri alikuja na jamvi. Zablon alikuja mikono mitupu, akavua viatu, akaingia shimoni kutoa udongo nilioumwaga ule mchana. Alifanya kazi ile peke yake mpaka akamaliza, hakumtazama mtu. Sijamsamehe. Nilimpa maji.

Mama akauomba mchi. Akaupangusa kwa kanga, akamrudishia Bibi Ruthu kwa mikono miwili. Halafu akafungua mfuko. Nilidhani tungehangaika kuchagua nguo, kumbe mfuko ulikuwa tayari: gauni jeupe la kipaimara, nililolishona mimi nikiwa bado najifunza, pindo limepinda. Lilikuwa limefuliwa, limekunjwa, lina dawa ya nondo. Mama alikuwa amelitayarisha siku nyingi. Pengine tangu mwanzo.

Alipoliteremsha, alilia. Sijui niandikeje. Kilikuwa kilio cha misiba yote ya mtaani aliyoinyima. Wanawake walimshika, akawatupa, wakamshika tena. Mimi nilishika beleshi lilelile.

Elieza alisimama mbali, kwenye reli. Watu walipoanza kutawanyika alisogea. "Shikamoo, mama." Mama akapita.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua zimekatika. Upepo umeanza kuleta vumbi.

Jumamosi, 26 Aprili

Filamu imeonyeshwa leo mchana kwenye banda la mpira la Chang'ombe, kabla ya mechi. Zablon alitundika mapazia ya harusi kuzuia mwanga. Sikumwalika mama. Nilimkuta ameshakaa benchi la mbele, amevaa nguo ya kanisani.

Watu waliipenda. Nilipokimbilia fuso walininyamazia, nilipotapika wakasonya. Na kaburi lilipofika, ile picha ya mbali, mbingu nyeusi na mimi mdogo chini yake, banda zima likasimama. "Mfukie! Mfukie dada!" Zablon ameikata palepale ninapoinua beleshi la mwisho. Kisha kaburi linaonekana kwa mbali kama limejaa, nami natembea kwenye uwele. Wakapiga vigelegele. Nilikuwa naitazama mikono yangu na nikaona kweli haikusita.

Tulirudi kwa miguu mimi na mama mpaka karibu na kona yetu.

"Uliacha," akasema.

"Niliacha, mama. Nilitaka aje akwambie mwenyewe."

Akatembea kidogo. "Nilikuwa najua kafa. Mama anajua. Sikuhitaji kuambiwa." Akarekebisha kanga begani. "Mimi nisingeacha."

Nimeishi na mama yangu maisha yangu yote. Nilidhani ni mimi mwenye hasira nyumbani.

Jumamosi, 3 Mei

Zablon amepita. Nilidhani ameniletea habari za filamu, kumbe ameitwa na mama. Mama alimtaka amwekee kile kipande cha kaburi kwenye simu, kile tu, mpaka beleshi la mwisho. Zablon akanitazama kuniuliza. Akamwekea.

Jumanne, 13 Mei

Kila jioni mama anakitazama kile kipande. Anakaa pale uani alipochambulia karanga, simu ameiegemeza kwenye kinu. Sauti haina, kwa hiyo jikoni sisikii kitu, ila najua amefika wapi kwa jinsi anavyoinama. Beleshi likiinuka anagusa kioo, anarudisha mwanzo. Kwenye simu ya mama Elieza hajatoka kaburini hata siku moja.

Leo nimemwita, ugali unapoa.

"Nakuja," akasema, bila kuinua macho. "Acha afunikwe kwanza."